Ambindwile Apanda Taksi Kitwe

Ambindwile wa Kisiba alikuwa mkulima hodari. Migomba yake ilistawi, na kwenye shamba la kijiji hakukosa zamu. Jioni alihudhuria kisomo cha watu wazima, akajua kusoma majina na namba. Lakini taksi za ugenini alizichukia kama siafu.

Siku moja mtu wa Kiwira alirudi kutoka migodi ya Zambia na habari mbaya.

"Mwanao Ezron ameangukiwa na jiwe mgodini. Yuko hospitali Kitwe. Ijumaa anapasuliwa mguu. Anaogopa, anataka akuone kwanza."

Atuganile, mkewe, alilia. "Nenda, baba Ezron. Mtoto anakuita."

"Nani atanipokea stendi?"

Shida ilikuwa hapo. Kitwe, Ezron alikuwa na mkewe tu, Tusekile. Na kwa Wanyakyusa kama wao, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akisikia anakuja, hupita njia nyingine. Angempokeaje?

Mwaka uliopita mzee alikwenda kumsalimu Ezron. Stendi dereva mmoja wa taksi alimwambia, "Mwaghonile, tata." Kusikia salamu ya kwao ugenini, moyo ukalainika. Akaona haya kumwuliza ndugu nauli. Basi huyo ndugu alimzungusha mji mzima, akamtoza fedha zote, akamshusha mtaa asioujua, akaondoka na mchele aliomletea Ezron ukiwa kwenye buti. Mzee alilala barazani kwa watu.

Atuganile alimpeleka Msasani ya huko kwao, kwa jirani yao wa zamani, Hajira, muuza vitenge. Marehemu mume wa Hajira aliendesha taksi Kitwe.

"Mama Abbasi, safari hii nitatembea kwa miguu," Ambindwile alimwambia Hajira.

Hajira alicheka. "Tembea, shemeji. Utamkuta Ezron ana wajukuu."

Kisha akakaa vizuri. "Sikiliza. Fika mchana, usifike usiku. Kabla ya kutafuta taksi, muulize mkata tiketi na mama muuza chakula: nauli ya kwenda hospitali kwa kawaida ni kiasi gani? Wakisema sawa, hiyo ndiyo bei. Patana na dereva mlango ukiwa bado umefungwa. Ukishaketi ndani, umekwisha."

"Na akiwa Mnyakyusa?"

"Hasa akiwa Mnyakyusa. Kuuliza si ujinga, wala si matusi. Panda taksi yenye kibao juu. Soma namba yake kwa sauti, dereva asikie. Mzigo weka magotini. Na ukipata wenzako wa njia moja, changieni nauli."

Ambindwile alibeba mchele mwingine, akapanda treni Mbeya, kisha basi. Alhamisi mchana alikuwa stendi ya Kitwe. Akauliza mkata tiketi. Akauliza mama muuza chakula. Bei ikawa moja. Akapata akina mama wawili waliokuwa wakienda hospitali hiyohiyo.

Kijana mmoja akasimamisha gari. "Mwaghonile, tata! Panda tu. Sisi ndugu, tutaelewana mbele."

Haya zilimshika mzee tena. Akamkumbuka Ezron kitandani.

"Tuelewane hapahapa, mwanangu. Ndugu hachukii kuulizwa."

Kijana akataja bei mara tatu ya ile aliyoisikia. Ambindwile akamshukuru, akaenda kwenye taksi nyingine yenye kibao. Huyu alikubali bei ya kawaida. Mzee akasoma namba polepole, kwa sauti ya darasani. Akina mama wakacheka, dereva naye akacheka. Wakachanga nauli, na mchele ukasafiri magotini.

Ezron alipomwona mlangoni, machozi yalimtoka. "Baba! Nani amekupokea?"

"Nimejipokea," alisema Ambindwile, akaketi, akamshika mkono.

Ijumaa asubuhi aliuachia mkono huo kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Baada ya muda mrefu daktari akatoka. Mguu utapona, alisema. Ambindwile akakaa chini pale pale kwenye sakafu, akalia kwa furaha.

Jioni Ezron alipozinduka, chungu cha wali kilikuwa kimewekwa nje ya mlango. Aliyekileta alikuwa amejificha nyuma ya ukuta, asikutane na baba mkwe. Ambindwile akageuzia uso dirishani, kama desturi itakavyo, akasema kwa sauti ya kufika nje:

"Ezron, mwambie mpishi wali ni mtamu. Mwambie pia mwakani nitakuja na mama yako. Asihangaike juu ya stendi. Taksi nitaitafuta mimi."

Nyuma ya ukuta, mtu alicheka kwa sauti ndogo.