Masomo Yangu Yalivyofutwa Kwenye Flashi za Ruiru

Jentrix wa kikundi chetu alifuta sauti yangu kwenye kompyuta nikiwa nimeketi kando yake!

Masomo kumi na mawili... yote! Kisha akaendelea kutafuna njugu.

Wapendwa, mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka arobaini na minne, darasa la jioni pale Kiganjo. Nikamshukuru Mungu kwa kurekodi masomo ya herufi, kila moja nikilifungua kwa maombi. Kikundi chetu cha Ruiru hujaza programu na masomo ya bure kwenye flashi, tunawagawia watu wazima wanaojifunza kusoma.

Kesho yake flashi zilikuwa zinaenda Theta, kwa mama yangu. Macho yake yanafifia. Alitaka asome zaburi moja mwenyewe kabla hayajazima.

"Jentrix, nimekukosea nini?"

"Muulize Byron. Msimamizi wa flashi ni yeye."

Byron alikwepa macho yangu. "Mathe, kazi yako imefungwa. Leseni inakataza mtu kuibadilisha. Na sisi tumeahidi watu kila kitu humu wanaweza kukigeuza watakavyo."

"Si ni bure? Wape hivyo hivyo! Mwenye njaa haulizi leseni ya ugali!"

"Anauliza kama ataruhusiwa kuweka mboga ya sukuma," Jentrix akasema.

Wakacheka. Mimi machozi yalikuwa karibu.

"Nani aliifunga? Nionyesheni huyo adui!"

Byron akanigeuzia kompyuta.

Jina lilikuwa langu... Mutheu!

Nikakumbuka. Siku ya kupakia, fomu iliuliza kama wengine wanaweza kubadilisha. Nikawaza Neno la Mungu, haliongezwi wala halipunguzwi. Nikabonyeza Hapana, nikasema amina!

Nilipiga magoti pale pale kwenye simiti. Wageni waikate sauti yangu? Nikainuka, nikaifungua leseni, masomo yakarudi kwenye flashi. Moyo uliniuma.

Wiki tatu baadaye nilifika Theta. Mwalimu Kyengo, anayemfundisha Mama, alikuwa ameongeza maelezo ya Kikamba kwenye masomo yangu... na kukata maombi yangu yote!

"Kyengo! Umeondoa maombi?!"

"Dada, ni mama yako aliniagiza."

Nikamgeukia Mama.

"Unaomba mpaka simu inaisha chaji," akasema. "Kuomba najua. Nilikosa herufi."

Akafungua zaburi, akaisogeza karibu na pua. Kidole kikatambaa... akasoma mstari mzima!

Wapendwa, sitawadanganya. Yale maombi yaliyokatwa bado yananiuma. Lakini ningeshikilia ile Hapana yangu, macho ya Mama yangezima akingoja nimalize kuomba. Ukitoa kitu kwa jina la Mungu, fungua mkono wote.