Waliotembea Kichwa Chini Ukutani

Laure wa mtaa wa Cibitoke, jirani yetu, aliamka siku hiyo kama siku zote. Akamnyonyesha Loïc, akainjika maharage. Ulikuwa mwaka wa 1995, siku ya ville morte: vijana wenye silaha walikuwa wameamuru kila mtu abaki ndani. Lakini maji yalikuwa yamekwisha, na mumewe Adrien akatoka na bidoni ya njano kwenda kuyatafuta. Thuwaiba, mama wa nyumba ya pili, akaja kukaa na Laure. Wakafunga madirisha, wakapiga komeo.

Jua lilipopanda, Thuwaiba aliinua kidole.

Kwenye ukuta wa chokaa, mkabala na mlango, barabara yao ilikuwa inaning'inia. Mbingu chini, mapaa juu. Mbuzi akapita, miguu hewani. Kwenye bati la mlango palikuwa na tundu la risasi ya juzi, lakini hakuna aliyelifikiria.

"Apana angalia, Mama Loïc," Thuwaiba alinong'ona. "Mutu mwenye kutembea kichwa chini, huyo alishakufa."

Mtu akatokea. Shati jekundu. Bidoni ya njano. Alikuwa anakimbia.

"Adrien," Laure alisema, na maziwa yakamkaukia kifuani.

Adrien akawa mkubwa. Akazidi kuwa mkubwa. Ukuta wote ukawa mweusi. Mlango ukagongwa.

"Laure! Fungula! Laure!"

Laure akasimama. Thuwaiba akamkamata kitenge.

"Bwana yako anakuitaka Laure?"

Hapana. Tangu mtoto azaliwe, Adrien hakuwahi kulitamka jina hilo. Ni Mama Loïc tu, hata akiwa na hasira.

"Basi si yeye. Mufu anaita jina ya zamani, ya mbele ya mutoto."

Laure akamziba Loïc mdomo. Hakufungua. Nje, vishindo vya miguu mingi. Ukuta ukapata mwanga tena. Jina lake likaitwa mara moja zaidi, chini, usawa wa kizingiti. Kisha wanaume wakapita ukutani, vichwa chini, wakifuta mapanga.

Baada ya mazishi, kaka yake Laure, Melchior, mpiga picha, alitia kidole kwenye lile tundu. Barabara ikazimika.

"Ni jua tu, dada, inapita mu tundu na kugeuza watu. Inafanya vile hata kwa wazima."

Laure hakulia. Alimwonyesha ukuta: alama ya kiganja cha damu, humo humo ndani ya nyumba asimoingia Adrien, vidole vikielekea chini.

Laure amekipaka chokaa mara nyingi. Kinarudi. Kila kikirudi kinakuwa kimeshuka kidogo, na sasa kimefika usawa wa kitanda cha Loïc.