Simu ya Bibi Ndani ya Kontena

Kila akitoka shule, Chapuchapu hupitia karakana ya bibi yake. Jina hilo alipachikwa nyumbani kwa sababu ya haraka zake. Hata chai huinywa ikiwa bado inamuunguza ulimi. Karakana yenyewe ilikuwa kontena la chuma. Nje ya mlango kulikuwa na meza ya kutengenezea vyerehani, na ndani kabisa visanduku vya vipuri vilivyopangwa hadi juu.

Tangu alipougua, bibi alikuwa anasahau kipuri kipi kiko kisanduku gani. Wateja walisubiri mpaka wakachoka.

"Mama, kazi hii imekuelemea," mjomba alimwambia. "Mambo yakiendelea hivi, tutafunga."

Mchana ule bibi hakugusa chakula. Chapuchapu alimhurumia mno.

"Bibi, nitakutengenezea programu ya simu," alisema. "Utaandika jina la kipuri, ikuambie kilipo."

"Mradi isinikaripie," bibi alicheka. "Wa kunikaripia ninao tayari."

Katika klabu ya kompyuta, mwalimu alimweleza njia mbili. Taarifa za vipuri zingeweza kukaa kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali, simu iziombe kupitia intaneti kila zinapohitajika. Au zingekaa kwenye hifadhidata ndogo ndani ya simu yenyewe.

"Nachukua ya seva!" Chapuchapu alidakia. Wenzake wote walikuwa wakijivunia seva zao. "Ile nyingine ya kizamani."

"Usikimbilie. Kwanza ijaribu palepale bibi anapofanyia kazi."

Baadaye, programu ya seva ilipokamilika, alimwambia mwalimu kuwa ameshaijaribu palepale. Kweli alijaribu, ila akiwa nje, mezani. Ndani ya kontena hakukanyaga.

Jumamosi mjomba alikuja kujionea. Mteja alileta cherehani kilichokatika mkanda. Bibi akavaa miwani, akaingia ndani na simu. Akabonyeza, akasubiri. Akaiinua simu juu, akabonyeza tena. Alama ya kusubiri ikawa inazunguka tu kwenye kioo. Mwishowe mteja akachukua cherehani chake akaondoka.

"Umebonyeza vibaya, mama," mjomba alisema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko ukali.

"Labda," bibi alijibu kwa sauti ndogo. "Kichwa changu hiki..."

Chapuchapu alielewa mara moja. Kuta za chuma zilikuwa zimezuia mtandao! Angenyamaza, lawama ingebaki kwa bibi, na karakana ingefungwa.

"Si bibi, mjomba!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Programu inataka intaneti, na mle ndani mtandao haufiki. Nilimdanganya mwalimu kwamba nimejaribu. Naomba nafasi nyingine."

Mjomba alimtazama mama yake, kisha mpwa wake. "Haya, Jumamosi ijayo. Lakini ni ya mwisho."

Safari hii Chapuchapu alianzia ndani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwangalia bibi akifanya kazi, akamuuliza kila kipuri yeye hukiitaje. Kisha alikiri uongo wake kwa mwalimu, naye akamsaidia kuhamishia taarifa zote kwenye simu. Nakala ingekwenda kwenye seva bibi akiwa nje mezani, ili simu ikiharibika zisipotee.

Jumamosi ilipofika, mwalimu naye alikuja. Mteja akaulizia sindano za kushonea ngozi. Bibi aliingia ndani, na mara upepo ukaubamiza mlango nyuma yake. Mjomba akaruka kwenda kuufungua.

"Ninazo!" sauti ya bibi ilitoka gizani. "Safu ya chini, kisanduku cha pembeni! Sasa nifungulieni!"

Wote waliangua kicheko, mjomba kuliko wote. "Basi, mama," alisema akiufungua mlango. "Hatufungi." Akajibwaga kwenye benchi la wateja.

Mwalimu alimgeukia Chapuchapu. "Mara ya kwanza ulipochagua, ulimfikiria nani?"

"Nilijifikiria mimi, mwalimu. Nilitaka kusifiwa."

"Na mara ya pili ukamfikiria atakayeitumia, na pale anapoitumia. Hivyo ndivyo chombo kinavyochaguliwa. Tena ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako."

"Maneno mazuri hayo, mwalimu," bibi alisema, akimhesabia mteja sindano zake. "Na wewe mwanangu, ondoka hapo kwenye benchi la wateja. Nina kazi."

Mjomba aliondoka upesi kuliko hata Chapuchapu.