Shokapu Kavu

"Nimesema sizitaki."

"Fundi, ni mpya. Bado zina karatasi yake ya mafuta."

"Mpya kwako. Pikipiki ni yangu."

Rahabu hakuziondoa mezani. Zilikuwa shokapu mbili za nyuma, Girling halisi. Mwaka ule watu walikuwa bado wanapanga foleni ya sabuni. Biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, maduka ya Same yameanza kuonyesha redio na khanga, lakini kipuri cha BSA Gold Star, pikipiki ya mashindano ambayo walowezi walikuwa wakiikimbiza kwenye mashamba ya mkonge, hukipati hata kwa maombi. Fundi mwingine yeyote kutoka Tanga mpaka Moshi angemchinjia kuku.

Eliakimu alizitazama kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sinia.

Walikuwa wamebishana tangu alipozifungua. Rahabu alisema Kessler, mzungu anayenunua pikipiki za kale na kuzisafirisha kwa treni, hatakubali chombo chenye shokapu zilizokufa. Eliakimu akajibu kwamba Kessler anapenda ukale. Kila kitu kibaki kilivyotoka kiwandani.

Rahabu aliweka viganja juu ya siti, akakandamiza, akaachia.

Nyuma ya Gold Star ikashuka. Ikaruka. Ikaruka tena.

"Inadunda kama mpira," alisema.

"Mama, wewe uza vipuri. Mashindano niachie mimi." Alivaa glavu, akapiga kiki. "Mzungu ananingoja stesheni."

Alitabasamu. Rahabu naye akatabasamu.

Moyoni alikuwa ameshamzika.

Rahabu hakuwa muuza vipuri. Alikuwa mpelelezi wa Kitengo cha kuzuia magendo ya vito, jina la kazi Nyuki. Chini ya koti alikuwa na bastola, Makarov. Kwenye mkoba wa Honda yake, chini ya matambara, redio ya Motorola.

Na Clemence, aliyefia kwenye barabara hii ya kushuka kutoka Suji, kijiji hiki cha mlimani, alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Clemence alitumwa kwanza. Alikuja kama mnunuzi, akalala hapa Suji, akashuka asubuhi kwa pikipiki yake. Hakufika chini. Ripoti ikasema ajali. Rahabu hakuisoma ripoti. Aliisoma pikipiki, kwenye ua wa polisi Same. Shokapu zote mbili zilikuwa kavu, na sili zake nzima. Hazikuvuja. Mtu alizifungua, akamwaga mafuta, akazifunga kwa mkono wa fundi. Kwenye kona za Suji, pikipiki yenye shokapu kavu haishiki njia. Inarushwa kama jiwe la kombeo.

Kipimo cha kukandamiza siti alifundishwa na Clemence mwenyewe. Shokapu nzima hushuka, ikarudi polepole, ikatulia.

Rahabu alitoka nje, akachukua redio, akamwita mkuu wake.

"Nyuki kwa Mzinga."

"Sema."

"Rubi ziko ndani ya shokapu za nyuma. Ametoa mafuta, ameweka mawe. Anashuka nazo sasa hivi."

"Askari wako tayari stesheni ya Makanya. Mfuate. Usimguse."

Usimguse. Akaimeza kama kwinini.

Mabehewa ya Kessler yalikuwa yamepekuliwa: tenki, matairi, fremu. Shokapu hakuna aliyezigusa, maana lazima kwanza uibane springi, na ukiibana vibaya inakuvunja taya. Kwa kawaida Eliakimu alishusha pikipiki zake kwa lori. Leo lori lilikataa kupanda, kwa sababu leo ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima.

Baragumu lilikuwa limelia alfajiri. Kila nyumba ikatoa mtu na jembe, kukata mifereji barabarani kabla ya mvua za vuli. Msaragambo hauulizi wewe nani. Hata mgeni anayepita hushika jembe. Rahabu alipokuwa akipanda asubuhi, Zebedayo, mtunza baragumu, alimsimamisha, akatazama vidole vyake na kumuuliza kama amekuja kulima au kutungiwa wimbo wa kuwaaibisha wavivu. Alilima mpaka malengelenge.

Ndipo alipouliza habari za fundi Eliakimu. Zebedayo akatema mate. Huyo, alisema, tangu apate karakana hajashika jembe. Hutuma mbuzi wa faini.

"Mbuzi wake tunamla. Ila barabara haimjui."

Sasa Gold Star ilinguruma mbele, vumbi jekundu likimfunika Rahabu uso. Kona ya kwanza mkia ulirushwa pembeni. Eliakimu akaurudisha, alikuwa mkimbizaji wa kweli. Kona ya pili akageuka.

Akamwona.

Mkono wake ukaenda kiunoni.

Paa! Kioo cha Honda kikapasuka.

Rahabu alipunguza gia.

Eliakimu alidhani ni woga. Akafungulia mafuta mpaka mwisho, akaiendea kona ya mgrivea. Kona ya Clemence.

Pale, nyuma kidogo ya mti, mfereji mbichi ulikuwa umekatiza barabara. Rahabu aliujua kina chake. Aliuchimba mwenyewe.

Gurudumu la nyuma lilizama, likapiga. Shokapu kavu hazikumeza chochote. Gold Star ikaruka juu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, ikalala ubavu, ikaburuzika mpaka ukingoni.

Injini ikazimika.

Mguu wa Eliakimu ulikuwa chini ya injini. Bastola yake ilikuwa imerukia kwenye shamba la tangawizi. Shokapu moja ilikuwa imepasuka, na mawe mekundu yamemwagika kwenye udongo wa mfereji.

Rahabu alifunga pingu: mkono mmoja wa Eliakimu, fremu ya Gold Star.

"Nitoe mguu, mama."

"Clemence naye alikuomba hivyo?"

Eliakimu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka.

"Kumbe ndugu. Sawa. Nilimwaga mafuta ya shokapu zake, ndiyo. Sasa piga hiyo redio yako, uwaulize wakubwa mimi ni nani."

Rahabu akaipiga.

"Kessler tumemshika," Mzinga alisema. "Kazi nzuri. Leta mawe. Huyo mwachie."

"Rudia."

"Mwachie. Ni mtu wetu tangu mwaka jana."

"Alimuua Clemence."

Redio ilikwaruza.

"Faili la Clemence limefungwa, Nyuki. Ajali."

Makarov ilikuwa mkononi. Risasi moja ingetosha. Lakini risasi nayo ingeandikiwa ripoti, na ripoti ingesema ajali, na wakubwa wangelala usingizi mtamu.

Aliinua macho. Kwenye tawi la mgrivea, juu ya majembe, baragumu lilining'inia. Watu walikuwa wamepanda kula makande.

Eliakimu alifuata macho yake. Kicheko kikamkauka.

"Hilo usiliguse," alisema. "Mama, afadhali unipige risasi."

Rahabu alizima redio.

Akaliangua baragumu, akalipuliza.

Mara ya kwanza lilikoroma kama ndama. Mara ya pili likajaza bonde. Huko juu Zebedayo alisikika akiuliza ni mwana wa nani aliyeshika kitu chake. Wakashuka mbio, wengine na mabakuli mkononi, maana baragumu likilia hakuna anayebaki. Wakaizunguka Gold Star.

Kwa kibanio alichotoa mkobani, Rahabu aliibana springi ya shokapu ya pili, akaifungua mbele yao. Halikutoka hata tone la mafuta. Yakatoka mawe.

"Waambie ulichoniambia."

Eliakimu alisema kwa kunong'ona. Zebedayo akamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia. Akarudia.

Mpare atauza ng'ombe mzima kuidai haki ya kuku. Hapa alikuwa ameuawa mtu. Zebedayo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kijiji kizima kinamsindikiza polisi Same, na kila jembe ni shahidi. Vijana wakaiinua injini.

Rahabu alimkabidhi Zebedayo mawe na ufunguo wa pingu, akampa na baragumu. Mzee alifuta mdomo wa baragumu kwa shati na kumwambia hajui kupuliza.

"Nitajifunza, mzee," alisema, akawasha Honda.

Akavuka mfereji taratibu. Mkia ulishuka, ukarudi polepole, ukatulia.