Mwogeleaji wa Bwawa la Reli

Gari la moshi kutoka pwani liliingia Dodoma saa tisa alasiri, na stesheni nzima ikachafuka. Wapagazi waligombea mizigo, askari wa Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala nchi, walifoka, upepo ukainua vumbi na kuwamwagia wote bila kuchagua. Ilikuwa mwaka 1912, mwaka wa pili tangu reli ifike, na mji wenyewe ulikuwa bado boma, maduka machache ya Wahindi na nyumba za tembe zilizozunguka stesheni.

Katikati ya zogo hilo alisimama Tabu, binti wa Kirangi, amejitanda leso yenye maua mekundu, mtungi wa asali ya kuuza begani. Alikuwa ameshuka kutoka Kondoa siku tatu zilizopita kumfuata kaka yake Shaaban, seremala wa karakana ya reli. Koo lilimkauka. Akamwona kijana mrefu kifua wazi, mabega mapana kama mlango, akiinamisha bomba kubwa kulinywesha gari maji.

"Kaka, naomba maji ya kunywa."

"Haya ni ya gari, dada."

"Kumbe siku hizi chuma kinaona kiu kuliko mtu?"

Kijana akacheka, akachota maji kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Alipokunywa hadi tone la mwisho, akamuuliza, "Jina lako nani, wewe mwenye ulimi?"

"Tabu."

"Ni nani aliyekuonea hivyo?"

"Mama. Alipata tabu siku ya kunizaa. Na wewe?"

"Zaidi."

Walitazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko kwa wakati mmoja.

"Basi tusisimame pamoja," alisema Tabu, akijitwika mtungi wake. "Watu watasema tabu zaidi."

Lakini walisimama pamoja. Kesho yake walisimama, na kesho kutwa.

Zaidi naye alikuwa Mrangi. Alikulia kando ya mto Bubu, akajifunza kuogelea kwa kuwafuata ng'ombe wa baba yake mto ulipofurika. Sasa alilinda pampu na bwawa ambalo Wadachi walilichimba ili kukinga mvua kwa ajili ya magari yao. Kila Januari, katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, bwawa likiwa limejaa, watu walishindanishwa kuogelea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Zaidi alishinda mara mbili mfululizo, na katika nchi ile kavu, ambako wengi hawakuwahi kuona maji yanayozidi magoti, sifa zake zilifika hadi Mpwapwa.

"Nikishinda mara ya tatu," alimwambia Tabu, "namtuma mjomba wangu kwa wazee wako."

"Na usiposhinda?"

"Namtuma vilevile."

Shaaban alimpenda shemeji yake mtarajiwa, na alimpenda kwa utani. "Dada yangu simtoi hivihivi," alisema jioni moja wakila ugali wa uwele. "Mimi pia nimeyaoga maji ya Bubu. Januari tutaingia wote bwawani, tuone nani mume."

"Utakunywa bwawa lote, magari yakose maji," Zaidi alimjibu. "Lakini njoo. Njoo tu, shemeji."

Neno hilo, *njoo*, alikuja kulijutia maisha yake yote.

Siku ya sikukuu ukingo mzima ulijaa watu. Tarumbeta za askari zililia, wanawake walipiga vigelegele, Wadachi walikaa kivulini na kofia zao nyeupe. Waogeleaji wanne waliingia majini. Wawili waliishiwa pumzi mapema wakarudi. Zaidi alitangulia, Shaaban akimfuata nyuma yake, na umati ukaanza kuimba jina moja: "Zaidi! Zaidi! Zaidi!"

Katikati ya bwawa mguu wa Shaaban ulikaza. Aliinua mkono mmoja. Tabu aliuona mkono ule kabla ya mtu mwingine yeyote, akapiga kelele kwa nguvu zake zote akimwita mtu pekee aliyeweza kumwokoa kaka yake.

"Zaidi! Zaidi!"

Zaidi aliisikia sauti yake. Aliitambua kati ya sauti mia. Ikampa nguvu mpya, akakata maji kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo, akagusa ukingo, akageuka akicheka. Nyuma yake maji yalikuwa matupu.

Alirudi akapiga mbizi mara tano. Mara ya sita alitoka na Shaaban mikononi. Walimlaza kifudifudi, wakamkanda mgongo, wakamwita kwa jina. Hakuitika.

Baada ya maziko Zaidi alikwenda kwa Tabu. Alimkuta ameketi mkekani, leso ya kaniki imemfunika hadi machoni.

"Nataka jibu moja tu," alisema Tabu. "Nilikuita. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, lakini..."

"Basi." Aliinuka. "Ulinisikia ukamwacha ndugu yangu, upate kushinda. Sitaki *lakini* yako, Zaidi. Toka nyumbani kwetu."

Mlango ulifungwa, na kwa miaka miwili haukufunguliwa tena.

Mwaka uliofuata Zaidi alikataa kushindana. Wadachi walimtishia, akakubali viboko kumi, lakini hakuingia. Badala yake alianza kufundisha. Kila mchana baada ya kazi aliwakusanya vijana wa karakana na wabebaji wa kuni, Wagogo kwa Warangi, awafundishe kuelea, kupumua, kunyoosha mguu uliokaza. Mwanafunzi wake hodari alikuwa Filipo, Mgogo wa Nkuhungu, aliyekuwa mwepesi majini kama kambale.

"Kila ukipiga mikono kumi, inua kichwa, ugeuke," Zaidi alimwambia. "Uhesabu wenzako."

"Mwalimu, nikigeuka nitashindwa!"

"Shindwa."

Vijana walimcheka. Filipo hakucheka, kwa sababu aliuona uso wa mwalimu wake.

Januari 1915 vita vilikuwa vimeshaanza, lakini sikukuu ilifanywa. Tabu hakuwa amekanyaga ukingo ule tangu msiba. Siku hiyo alikuja, mwenyewe hakujua kwa nini, akasimama nyuma ya umati. Filipo alitangulia mbele kabisa. Akainua kichwa, akageuka, akahesabu. Palipungua mmoja. Askari mmoja Msukuma alikuwa anazama. Watu walimpigia Filipo kelele aendelee, wengine, waliomwona askari, walipiga kelele arudi, na kelele zote, za furaha na za hofu, zilikuwa ni jina lilelile: "Filipo! Filipo!" Tabu alitega sikio. Hakuweza kuzitenganisha. Akashika bega la mtu asiyemjua.

Filipo alirudi, akamvuta askari hadi ukingoni akiwa hai. Wa mwisho katika mashindano alikuwa yeye. Zaidi aliingia majini na nguo zake akamkumbatia.

Watu walipotawanyika, Tabu alimfuata kwenye pampu.

"Siku ile ulisema *lakini*," alianza. "Malizia."

Zaidi alitazama chini. "Lakini nilidhani unanishangilia."

Tabu alilia, na safari hii hakumfukuza. "Miaka miwili, Zaidi! Mbona hukunifuata ukaniambia kwa nguvu?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nilifurahi? Kaka yako alikuwa anakufa na mimi nilikuwa nafurahi, kwa kuwa umeniita."

"Nisamehe."

"Unisamehe wewe, mwenzangu. Mimi ndiye niliyemwambia aje."

Walioana mwezi wa pili. Walikaa pamoja mwaka mmoja na miezi mitano. Zaidi alimfundisha mkewe kuelea, akimshika mgongo kwa chini, na Tabu akimkemea, "Usiniachie, wee mwanamume!" na Zaidi akijibu kwamba ameshamwachia zamani.

Julai 1916 Wadachi waliukimbia mji, Waingereza wakiwa nyuma yao. Kabla ya kuondoka walikamata wanaume wabebe mizigo. Zaidi na Filipo walichukuliwa pale pale kwenye pampu, kamba shingoni. Tabu alikimbia kando ya msafara hadi askari alipomsukuma.

"Rudi, mpenzi wangu," Zaidi alimwambia. "Rudi, jua kali."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomsikia akisema.

Filipo alirejea peke yake baada ya mwaka na nusu, mbavu zikihesabika. Alichuchumaa uani kwa Tabu.

"Alizama?" Tabu aliuliza.

"Hapana, shemeji. Mito yote alituvusha. Ni kuhara damu, huko kusini, nyikani. Hapakuwa na maji hata ya kumwosha. Wenzake wa dini yenu walimpangusa kwa mchanga badala ya maji, wakasema Mungu anaupokea."

Tabu aliinamisha kichwa. "Nani alimpangusa?"

"Mzee mmoja mpagazi, mtu wa Kondoa. Alikuwa akimwita *mwanangu*, akimpangusa polepole, kama mtu aliye hai. Hakuacha hata kidole."

"Kila kidole?"

"Kila kidole, shemeji."

Tabu alimwomba amweleze tena tangu mwanzo, asiruke kitu. Filipo akaeleza tena.