Kitani Kilicholainika Tayari

Mkanda mpya wa kitani, wa kunolea wembe, hulalamika. Wembe ukipita juu yake mara ya kwanza, nyuzi hukwaruza na kunung'unika kama wapangaji walioongezewa kodi. Ule ambao Sadeta aliutundika kwenye kulabu Jumatatu ile haukusema kitu. Ulipokea makali kimya, laini, vuguvugu, kama ulimi.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Hakuna. Ndiyo ninachokwambia. Mkanda wa siku moja, na hauna kelele!"

Mzee Hilmija, baba yake na mwenye kinyozi hicho, alikuwa kwenye kiti cha wateja, amekalia viganja vyake. Tangu baridi ianze mikono ile ilikuwa ikitetemeka, na kinyozi anayetetemeka huombewa dua, hapewi shingo. Kwa hiyo wembe wa kukunja, uliorithiwa kwa babu, ulikuwa wa Sadeta sasa. Shahada yake ya sheria ilining'inia kando ya kioo, pale ambapo vinyozi wengine wa mji wa Visoko hubandika picha ya timu ya mpira. Chuo kilimfundisha kuandika maombi ya kazi. Majibu yake yakamfundisha matusi. Nafasi zote zilikuwa na wenyewe: mpwa wa diwani, mkwe wa katibu, na kama angebaki paka wa mkurugenzi, naye angepata ya muda.

Wembe angalau haukuuliza wewe ni wa chama gani. Na Jumapili ulikuwa na kazi moja kubwa. Mdogo wake Sanin alikuwa anaoa, na bwana harusi hunyolewa nyumbani, mbele ya ukoo mzima, kwa mkono wa nyumba yake, kinanda cha mkononi kikilia mlangoni. Tone moja la damu shingoni ni mkosi kwa ndoa. Shangazi zake wangelisema tone hilo hadi kiyama, na katikati ya maneno wangekumbusha kwamba mwanamke kushika wembe ndiyo chanzo.

Ndiyo maana alitaka mkanda mzuri. Kila asubuhi makali hupitishwa kwanza kwenye kitambaa, yakasafika na kupata joto, halafu kwenye ngozi. Visoko ni mji wa ngozi, hata ndoto za watu wake zinanuka kiwanda. Kitambaa ndicho cha kutafutwa kwa tochi. Cha dukani kimechanganywa plastiki, kinanata. Kitani halisi nacho kina kiburi: ukifue wanga utoke, ukipake povu la sabuni, ukisukume kwa chupa, kisha ukisugue kwa kiganja wiki nenda wiki rudi, hadi kiganja chenyewe kiwe kinang'aa. Harusi isingesubiri.

Kwenye gulio la vitu kuukuu alikuta lundo la nguo za nyumba ya marehemu. Akachagua kitambaa cha kitani kama alivyofundishwa: akakinyoosha karibu na sikio na kukipiga kidole, akakigusisha ulimi, akatafuta mishono, hakuna. Ncha zilikuwa ngumu kama ubao. Katikati, siagi.

"Chukua, binti," alisema muuzaji mwenye masharubu. "Vya marehemu havijui kubishana."

Sadeta alicheka. Nyumbani akakata ncha iliyozidi, mama yake Zejna akaiokota sakafuni na kuitia kwenye kikapu cha ushonaji. "Unatupa kitani cha mkono? Nyinyi wasomi mtatufilisi."

Sasa mzee Hilmija aliutazama mkanda kutoka kitini.

"Nani aliulainisha?"

"Nijuaje? Bibi fulani alifunikia mikate."

"Mkanda uliolainishwa na usiyemjua ni kama mswaki wa kuazima, mwanangu."

"Basi nisaidie kusugua mwingine kwa mikono hiyo," Sadeta akajibu, na papo hapo akatamani ulimi wake ungekatika.

Mteja wa kwanza kukatwa alikuwa Zulfo, mwoka mikate. Chini ya sikio la kushoto, kijistari chekundu kidogo. Aliyemfuata, mwalimu wa hisabati, akakatwa chini ya kidevu. Kesho yake mwingine, chini ya sikio la kulia. Sadeta hakuwa amemkata mtu tangu majira ya kiangazi. Alikagua makali kwa ukucha, yalikuwa safi. Kitu kimoja tu kilimkaa moyoni: ukiviunganisha vijistari vyote kwenye uso mmoja, vilifuata njia moja, kutoka sikio, chini ya taya, hadi sikio la pili.

Halafu ikaja harufu. Kafuri, na chini yake sufu iliyoloa. Zulfo, ambaye hana kinyongo, alirudi kunyolewa tena. Katikati ya kazi akaanza kuguna. Sadeta akanyanyua wembe.

"Sado," Zulfo alisema polepole, bila kugeuka. "Mkono wako wa kulia una wembe, sivyo?"

"Ndiyo."

"Wa kushoto uko kwenye pua yangu."

"Ndiyo, kaka Zulfo."

"Sasa nani alikuwa amenishika kidevu akinifunga mdomo?"

Alitoka na povu upande mmoja wa uso, kofia mkononi, na tangu hapo alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya duka.

Jioni ile, taa za mtaani zikiwaka, Sadeta alibaki peke yake akifuta kioo, na ndani ya kioo akauona mkanda ukining'inia nyuma yake, akaona jinsi katikati yake palivyokuwa pakitutumka taratibu na kunywea, kututumka na kunywea, bila upepo, bila mlango kufunguliwa, kama kwamba mtu amesimama nyuma ya kitambaa na kukisukuma kwa kidevu kila anapotaka kusema, na kila anaposukuma kitambaa kinakaza, na kutoka mle ikatoka sauti ndogo, mmm, mmm, ya mtu mwenye maneno mengi na asiye na mdomo wa kuyatolea.

Hakupiga kelele. Aliita, kwa sauti ya mtoto, "Baba."

Mzee Hilmija alikuja na ndara zake. Akautoa mkanda kwenye kulabu, na kwa mikono inayotetemeka akaupitisha chini ya kidevu chake mwenyewe, akazivuta ncha juu ya masikio kuelekea utosini. Sehemu laini ilikaa sawasawa chini ya taya, kama imepimwa pale.

"Baba, toa! Toa hicho kitu!"

"Sasa tunajua nani aliulainisha," mzee alisema kwa kunong'ona. Juu ya kichwa ncha mbili hazikufikia kufungana. "Kimekuwa kifupi, lakini ndicho. Cha kumfungia maiti kidevu. Hiki hurudi udongoni, Sado. Hakiuzwi gulioni."

Yule muuzaji, alipobanwa asubuhi yake na binti mwenye shahada ya sheria na mdomo wa mama wa sokoni, aliacha utani. "Kilikuwa cha mzee Ragib wa kule bondeni. Walimfunga mapema mno, watu wanasema. Eti alikuwa bado anasema kitu. Warithi walikuwa na haraka."

"Alikuwa anasema nini?"

"Dada yangu, nani alikuwa anamsikiliza?"

Kwa bibi Djulsa, anayemwaga risasi iliyoyeyushwa majini kuwatoa watu hofu, Sadeta alienda kwa shingo upande. Bibi alimfunika shuka jekundu, akayeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Maji yalilia. Shuka lilipoondolewa, ndani ya bakuli palikuwa na kitu cha kijivu chenye umbo la taya iliyofumbwa.

"Nilisoma sheria, bibi," Sadeta alisema, meno yakigongana. "Mimi siamini mambo haya."

"Nayo hayakuombi uyaamini, mwanangu. Kila mtu huzaliwa na karini wake, jini anayekula naye sahani moja. Siku ya kufa hutoka mdomoni pamoja na pumzi ya mwisho. Huyu alikuta mlango umefungwa. Yuko kwenye kitambaa, anatafuta mdomo. Uoshe wembe mtoni. Kitambaa kizike kwenye kaburi la mwenyewe, chote. Hata uzi usibaki ndani ya nyumba. Unanisikia? Hata uzi."

"Chote ninacho hapa," Sadeta alisema, na aliamini hivyo.

Alikizika Jumamosi, theluji ikianza, mzee Hilmija akisoma Yasin kwa sauti iliyotulia kuliko mikono yake. Wembe aliuosha kwenye maji ya mto Fojnica mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa jirani wa zimamoto akaomba kipande cha bomba kuukuu la turubai, akakipasua, akakitundika. Jumapili asubuhi alipokipitishia wembe, kilikoroma kama mlevi. Sadeta nusura akibusu.

Sebule ilijaa. Kinanda kilikuwa mlangoni, shangazi wote mstari wa mbele.

"Usimchinje, wakili!" mmoja akapaza sauti.

"Nikianza na shangazi, kesi nitajitetea mwenyewe."

Sanin alicheka chini ya povu. "Dada, taratibu. Nahitaji hii shingo hadi nifike kazini Ujerumani."

"Nyamaza, au nakupeleka huko bila masharubu."

Wembe ukapita. Sikio la kushoto. Chini ya taya. Sikio la kulia. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na mkono wa tatu, hapakuwa na tone. Sadeta akapangusa uso wa mdogo wake kwa taulo, na kwa mara ya kwanza wiki nzima akavuta pumzi hadi tumboni. Akakunja wembe, akautia mfukoni mwa gauni lake. Zejna akamvika mwanawe shati jeupe alilomshonea mwenyewe, akaifunga kola iliyosimama hadi chini ya kidevu, na watu wakasema mashallah.

Bi harusi aliletwa, imamu akaketi, kinanda kikanyamaza. Imamu akauliza kama desturi ilivyo: je, Sanin, umekubali?

Sanin hakujibu.

"Ameikumbuka mahari!" mtu akatania nyuma, wakacheka. Imamu akatabasamu, akauliza tena. Sanin alikuwa akimtazama dada yake. Macho yake yalikuwa makubwa, na taya yake ilikuwa ikipanda, meno yakisagana, na kutoka nyuma ya midomo iliyofumbwa ikatoka ile sauti, mmm, mmm, na ikaja kafuri, ikajaa chumba kizima, na shangazi wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine kama taa zinazozimwa.

"Mama," Sadeta alinong'ona. "Kola hiyo umeishona kwa kitambaa gani?"

"Nilipungukiwa kitambaa," Zejna alisema, bado ana fahari. "Kile kipande chako kilitosha barabara."

Kola ilikuwa imezama nyamani. Vifungo havikufunguka; uso wa Sanin ulikuwa unageuka rangi ya risasi, na Sadeta, mbele ya imamu na bi harusi na ukoo wote uliokuwa ukimlilia aache, aliufungua wembe wa babu yake, akaingiza makali kati ya kitani na koo la mdogo wake, pale pale chini ya sikio la kushoto, akasema bismillahi, akavuta, na kitambaa kikapasuka kwa mlio mrefu, na tone moja, moja tu, likadondoka juu ya shati jeupe.

Mdomo wa Sanin ukafunguka. Akavuta pumzi. Bi harusi akalia kwa furaha, na imamu akainama ili asikie neno moja lililokuwa likingojwa na nyumba nzima.

"Jamani," Sanin alisema, kwa sauti ya mzee kikongwe, kavu, iliyochoka kungoja. "Bado sijafa."