Mashine ya Mifupa ya Salbiah

Betri ya mashine ya kuunga mfupa ilikuwa imechomolewa, iko juu ya meza, na bado umeme ulikuwa ukimtekenya Salbiah mguuni, pale mfupa ulipokataa kuunga kwa miezi saba. Kila alasiri aliifunga mashine kwenye muundi kwa saa tatu, kama daktari alivyoamuru, peke yake katika nyumba ya nguzo. Wanawe walikuwa mbali, mjini Johor, na simu zao zilikuja Idi hadi Idi. Ila leo chumba kilinuka tambuu, na mla tambuu wa nyumba hiyo, mama mkwe wake, alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Kesho yake kliniki, nesi aliichomeka mashine kwenye kompyuta, akacheka.

"Mama, unatuchezea shere? Hii haijawaka tangu Ramadhani!"

"Naivaa kila siku, mwanangu."

"Basi mfupa umeungwa na nani? Tazama picha, haukubaki hata ufa wa unywele."

Salbiah alimjua muungaji. Mama mkwe alikuwa fundi wa mifupa, na jini lake lilirithishwa mkono kwa mkono. Siku ya kukata roho alinyoosha kikata popoo chake, kile cha tambuu, apatikane wa kulirithi. Wanawe wa kuzaa wakaficha mikono mgongoni. Salbiah, mkwe tu, akaona huruma, akakipokea, na jini likaja nacho. Huruma ikamponza.

Alasiri hiyo mganga, Mzee Deraman, alimwaga mchele wa manjano mlangoni.

"Sema 'sikutaki' mara tatu," alinong'ona. "Mfupa ukishapona, jini litatafuta kazi nyingine."

"Sikutaki," akasema Salbiah. "Sikutaki."

Mtekenyo ukakoma, harufu ikafifia, na kimya kikaingia, kimya kile anachokijua, cha saa ya ukutani na bomba linalodondoka, cha sahani moja na kikombe kimoja, cha kutoguswa na mkono wa mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa, mpaka Idi nyingine. Aliona aibu, lakini ulimi ulikataa.

"Malizia, Salbiah!"

"Nenda nyumbani, Mzee. Nisamehe."

Mganga alishuka ngazi bila kuaga.

Harufu ya tambuu ikarudi. Vidole baridi vikapita juu ya muundi wake, vikaukuta mzima, vikasita. Kisha vikahamia mguu wa pili, vikaubonyeza taratibu, kama mtu atafutaye pa kuvunjia muwa.

"Polepole basi," Salbiah alisema, akauma ncha ya mtandio wake.